Umeitwa Ulaya Desemba na Moyo Hautaki: Mwongozo kwa Msafiri wa Kasongo na Kabambare

Rafiki yako mliyesoma naye Kasongo amekupigia simu kutoka Brussels. Anasema: njoo tumalize mwaka pamoja, tiketi nitalipa mimi. Watoto wako wamefurahi kabla hujajibu. Jirani ameshakuuliza utamletea nini. Wewe hutaki. Hujawahi kupanda ndege, baridi huiwezi, shamba lina kazi, na kuna jambo jingine usilolisema mbele ya watu: unaogopa kufia ugenini.

Mwongozo huu ni wako wewe, maana yule anayeitaka safari hana haja ya kusukumwa. Nimewaona wazee wengi wakienda huko wakiwa wamekubali kwa aibu tu, kwa sababu kumkatalia rafiki ni vibaya. Mtu wa namna hiyo haulizi maswali wala haweki masharti, na akifika anakaa kwenye kochi akihesabu siku. Anayefaulu ni yule aliyesema mapema: nitakuja, lakini kwa namna hii. Kwa hiyo tutaanza na masharti, kisha makaratasi, kisha baridi.

KWANZA: JUA UNACHOKIKATAA

Chukua karatasi. Andika kila jambo linalokuzuia, hata lile la aibu. Kisha liweke kila moja kwenye fungu lake:

1. Jambo linalorekebishika kwa pesa au kwa maandalizi: baridi, chakula, lugha, woga wa ndege.
2. Jambo linalotaka ahadi ya mtu: nani atakupokea, nani atakaa nawe mchana, nani atalipa ukiugua.
3. Jambo linalosema usiende mwaka huu: presha isiyotulia, kifua kinachobana, mimba kubwa, mgonjwa nyumbani asiye na mwangalizi, au barabara ambayo wiki hii watu wanaporwa.

Ukiwa na jambo hata moja kwenye fungu la tatu, kataa bila kuona haya. Mwambie rafiki yako aje yeye Julai au Agosti, wakati wa likizo kubwa ya Ulaya. Huku kwetu ni kiangazi, barabara inapitika, naye atalala kwake. Wengi wanaoishi huko wanasubiri tu mtu wa nyumbani awaambie neno hilo.

KWA NINI DESEMBA NI MGUMU, NA KWA NINI WANAKUITA DESEMBA

Desemba ni mwezi mgumu pande zote mbili. Huku kusini mwa Maniema mvua imekolea: malori yamekwama kwenye matope kati ya Kasongo na Kindu, na pikipiki kutoka Kabambare inasukumwa zaidi ya kuendeshwa. Huko Brussels joto la Desemba na Januari ni kama nyuzi 3 au 4 kwa wastani, mvua nyembamba na upepo, theluji mara chache. Jua linatoka saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kuzama saa kumi na dakika arobaini jioni.

Mbona basi wanakuita wakati huo? Kwa sababu kati ya Noeli na mwaka mpya ndipo wengi wanapopata ruhusa kazini na watoto wanapofunga shule. Kuanzia Januari rafiki yako atatoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Ndiyo maana nakushauri wiki mbili hadi tatu, zianze karibu na tarehe 18 Desemba. Chini ya hapo, taabu ya njia haitalipwa. Zaidi ya hapo utabaki peke yako na televisheni ya lugha usiyoifahamu.

MASHARTI YA MGENI

Usiseme «nitakuja» kabla ya kupata majibu. Tuma ujumbe wa maandishi, kwa sababu maneno ya simu husahaulika. Unaweza kuandika hivi:

*«Ndugu yangu, salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Nashukuru kwa mwito. Nitakuja, ila naomba tuelewane kwanza. Nitakaa siku kumi na nane. Tiketi iwe ya kwenda na kurudi, tarehe zote mbili ziandikwe. Uje mwenyewe kunipokea uwanjani na koti mkononi. Niambie nitalala chumba gani, na ngazi ni ngapi, maana goti langu unalijua. Niambie bima ni ya kampuni gani. Na ikiwa Mungu ataniita huko, nataka nirudishwe kwetu. Niambie hilo litakwendaje.»*

Hilo la mwisho wengi hulimeza. Usilimeze. Bima inayodaiwa kwa viza ya Schengen, yaani viza ya muda mfupi utakayoomba, lazima ifikie angalau euro 30,000, nayo lazima ilipe hospitali ya dharura, kurudishwa nchini kwa ugonjwa, na kurudishwa kwa kifo. Lakini kurudishwa nchini kunaweza kuishia Kinshasa. Waulize bima kwa maandishi: mwili utafika wapi? Kama ni Kinshasa, wewe na rafiki yako na wanao muelewane nani atabeba gharama hadi Kindu na Kasongo, au kama unaridhia kuzikwa uliko. Andika wosia mfupi, umwachie mtu mmoja nyumbani. Ukishalimaliza jambo hili utalala usingizi, na nimeona wazee waliokuwa wagumu kama jiwe wakilainika siku hiyohiyo.

Maswali mengine ya kuuliza kabla ya kukubali:

- Mchana nani yuko nyumbani?
- Msikiti au kanisa liko mbali kiasi gani kwa miguu?
- Je, kuna mtu wa kwetu jirani, anayesema Kiswahili?
- Gharama za safari za Kinshasa kwa ajili ya makaratasi, analipa nani? Ada ya viza hairudishwi ukinyimwa.

MAKARATASI: YAFANYE WAKATI WA KIANGAZI

Hapa ndipo safari nyingi hufia. Mwito unakuja Oktoba, mtu anaanza kutafuta pasipoti mvua imeanza, Desemba inamkuta Kindu. Sheria inakuruhusu kuomba viza ya muda mfupi kuanzia miezi 6 kabla ya kusafiri, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa safari ya tarehe 18 Desemba, mlango unafunguka tarehe 18 Juni, mwanzo wa kiangazi chetu. Itumie nafasi hiyo.

Hatua ya 1. Sawazisha jina lako. Leta mezani kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na diploma. Soma jina herufi kwa herufi. Kwetu Ramazani anaandikwa Ramadhani, Asumani anakuwa Assumani, Saidi anakuwa Saïdi, na jina la baba huruka kutoka nafasi ya pili hadi ya tatu. Chagua namna moja, usahihishe mapema kwenye ofisi ya hali ya raia, kisha pasipoti, barua ya mwenyeji, bima na tiketi zote zifuate namna hiyo. Herufi moja iliyopotea inaweza kukurudisha kutoka mlangoni mwa ndege.

Hatua ya 2. Pasipoti. Uliza Kindu kwanza kama maombi yanapokelewa huko kwa wakati huo, kabla ya kulipa tiketi ya Kinshasa. Kwa viza ya Schengen pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Lipa kwenye benki au dirisha rasmi tu, utunze risiti.

Hatua ya 3. Dhamana ya mwenyeji. Wengi wetu hatuna akaunti ya benki yenye historia, na hiyo si aibu. Ubelgiji inakubali rafiki akudhamini kwa karatasi inayoitwa *prise en charge*. Anaijaza, anaipeleka kwenye komini yake ikathibitishwe saini, kisha anakutumia karatasi yenyewe pamoja na ushahidi wa mshahara wake. Itumie ndani ya miezi 6 tangu ithibitishwe. Ujue uzito wake: kwa miaka 2 rafiki yako anaweza kudaiwa gharama za kukaa kwako, matibabu yako na kurudishwa kwako. Ukizidisha siku, unamwingiza yeye kwenye deni.

Hatua ya 4. Ushahidi kwamba utarudi. Afisa anauliza moyoni: huyu ana nini cha kumrudisha? Mjibu kwa karatasi. Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, barua ya shule au ofisi unakofanyia kazi yenye tarehe za ruhusa, hati ya kiwanja, patenti ya duka, barua ya sekta au sheferi kuhusu shamba lako. Mkulima wa Kabambare ana vya kumrudisha kama mfanyakazi wa benki. Tatizo ni kwamba havijaandikwa.

Hatua ya 5. Kinshasa. Viza ya Ubelgiji inaombwa kwa Kituo cha Viza cha Ulaya, kile watu wanachokiita CEV. Unakwenda mwenyewe kwa sababu ya alama za vidole. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini laweza kufika 45, kwa hiyo usikubali tarehe za kubananabanana. Kaa kwa jamaa, usubiri jibu hukohuko ukiweza.

> TAHADHARI: WAKOMISIONERI
> Nje ya kila ofisi yuko mtu mwenye bahasha anayejua njia ya mkato. Atakuuzia karatasi ya benki ya uongo au barua ya kazi usiyoifanya. Karatasi moja ya uongo ikigundulika, hata zile za kweli hazitaaminika tena, na kunyimwa kwako kutaandikwa. Barua ya kweli iliyo nyonge ni bora kuliko ya uongo iliyopambwa.

Hatua ya 6. Kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano idungwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 kadi inafaa maisha yote, kwa hiyo ile uliyonayo tayari usiitupe hata kama imeandikwa miaka 10. Kama umepita miaka 60 na hujawahi kudungwa, muone daktari kwanza. Kwa umri huo chanjo ya mara ya kwanza inataka uangalizi.

AFYA

Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Tervuren, nje kidogo ya Brussels, kuonyeshwa kwa watazamaji kwenye maonyesho ya Mfalme Leopold wa Pili. Saba walifia huko, na kilikuwa kiangazi cha Ulaya, si baridi. Makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa la mji huo. Nakukumbusha ili usikubali mtu akuambie kwamba hofu yako ni ya kitoto. Wao walipelekwa, hawakuwa na wa kumdai blanketi. Wewe unakwenda kwa mwito wa rafiki: dai chumba chenye joto, dai nguo, dai daktari. Ukipata siku nzuri, mwombe akupeleke Tervuren ukawaombee.

Kabla ya kuondoka pima presha na sukari. Dawa zako za kila siku zitoshe siku zote na wiki moja ya ziada, zikae ndani ya boksi zake pamoja na karatasi ya daktari, nazo zisafiri kwenye mfuko wa mkononi. Muulize daktari juu ya chanjo ya mafua.

Na hili lisome mara mbili. Ukipata homa ukiwa Ulaya, au hata kabla ya kulala siku ya kwanza, usikubali kuambiwa ni baridi tu. Sema wazi: nimetoka Kongo, nataka nipimwe malaria leo. Daktari wa huko, katikati ya msimu wa mafua, anaweza asiifikirie. Mwandikie sentensi hiyo kwa Kifaransa kwenye kipande cha karatasi, ukibebe: *Je viens du Maniema, en RDC. Je demande un test de paludisme aujourd'hui.* Namba ya dharura Ulaya nzima ni 112.

NGUO: KWA NINI KOTI MOJA HALITOSHI

Kosa la kwanza ni kununua koti zito na kuvaa shati moja chini yake. Kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Tena utaingia na kutoka mara nyingi: nje nyuzi 3, ndani ya basi na dukani 20 na zaidi. Mwenye koti moja ama anatetemeka ama anatoka jasho, na jasho likipoa mgongoni ndilo linalokutia baridi zaidi.

Vaa hivi:

1. Fulana ya ndani ya mikono mirefu na suruali ya ndani, za kubana mwili. Mama anayevaa kitenge avae suruali hiyo chini, haionekani.
2. Sweta la sufu. Pamba ikilowa haikauki haraka, sufu hupasha hata ikiwa na unyevu.
3. Koti refu lisilopitisha upepo wala mvua, linalofunika makalio.
4. Kofia inayofunika masikio, skafu, glavu.
5. Viatu vilivyofungwa, vya soli yenye meno, vikubwa namba moja ili soksi nene ziingie. Kiatu cha kubana kinazuia damu, na vidole ndivyo vinavyouma kwanza.

Usimalize pesa kununua haya huku. Sweta na soksi utapata kwenye mitumba kwa bei ndogo, kwa sababu kwetu hakuna anayezigombea. Koti na viatu rafiki aje navyo uwanjani, umtumie urefu wako na namba ya mguu mapema. Lakini sweta na soksi viwe mkononi tangu Kinshasa: ndani ya ndege kuna baridi, ndege nyingi za usiku hufikisha watu Brussels alfajiri, na ukipitia Addis Ababa, uwanja ule uko kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi. Nilimwona mama mmoja pale Zaventem, kwenye uwanja wa ndege wa Brussels, kitenge kizuri, sandali za ngozi, miguu imepauka kama imepakwa majivu, sanduku lake lenye sweta tatu bado liko kwenye mkanda wa mizigo.

Ngozi itakauka na kupasuka. Jipake mafuta mazito mara tu baada ya kuoga, mwili ukiwa na umande bado, midomo pia. Kunywa maji hata kama hujisikii kiu. Hewa ya ndani inayopashwa moto inakausha koo, na pua inaweza kutoa damu kidogo.

> HATARI: MBABULA NA MAKALA
> Usiwashe kamwe mbabula ndani ya nyumba ya huko, wala kwenye baraza lililofungwa, wala chumbani «kwa dakika tano tu». Nyumba zile zimezibwa kila tundu ili joto lisitoke. Moshi wa makala una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia kichwa kinamuuma, analala, haamki. Ukisikia baridi omba blanketi, au washa shofaji, ile mashine ya chuma iliyo ukutani.

MZIGO: KINACHOPITA NA KINACHOCHUKULIWA

Rafiki yako atakuomba harufu ya nyumbani. Sheria za Umoja wa Ulaya kwa msafiri anayetoka kwetu ni hizi:

- Hairuhusiwi: nyama ya aina yoyote, mbichi, kavu au ya moshi, maziwa na jibini. Nyama ya msitu ni kosa mara mbili. Pia pembe, ngozi na manyoya ya wanyama wanaolindwa, pamoja na manyoya ya kasuku wetu wa kijivu.
- Inaruhusiwa: samaki wa moshi au mkavu kwa matumizi yako, jumla isizidi kilo 20, asali isiyozidi kilo 2.
- Matunda: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani hupita bila cheti. Mengine yote, na majani mabichi kama sombe, yanataka cheti cha afya ya mimea. Acha sombe. Huko Matonge, mtaa wa Ixelles mjini Brussels uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, sombe ipo, makayabo yapo, na kwanga ipo.

Samaki wa Lualaba afungwe kwa karatasi, kisha mifuko miwili ya plastiki. Mawese yakae kwenye chupa ya kizibo cha kukaza, ndani ya sanduku, si mkononi: kwenye mfuko wa mkononi kila kitu cha majimaji kisizidi mililita 100.

Na usibebe kifurushi cha mtu usichokifungua mwenyewe. Hata cha shemeji, hata cha shekhe, hata cha padri. Mwambie kwa upole: nionyeshe, tufunge pamoja.

NJIA

Toka Kasongo angalau wiki moja kabla ya ndege ya Kinshasa kwenda Ulaya. Ukitoka Kabambare ongeza siku tatu au nne. Uliza hali ya njia kwa madereva walioingia jana, si kwa aliyepita mwezi uliopita, na usisafiri usiku. Kuna watakaokuambia upite Fizi na Uvira ukapande ndege Bujumbura kwa kuwa ni karibu kwenye ramani. Mimi sikushauri: njia ile inapita maeneo ya watu wenye silaha, na mpaka waweza kufungwa kabla hujafika. Goma nayo, uwanja wake ulifungwa Januari 2025 mji ulipochukuliwa na waasi wa M23. Usikubali tiketi inayopitia huko. Panda ndege Kindu kwenda Kinshasa, ukijua kwamba ratiba ya Kindu hubadilika, kwa hiyo usiunganishe ndege mbili siku moja.

Muulize wakala kama kodi ya uwanja, Go-Pass, imo ndani ya tiketi. Kama haimo, tenga pesa zake, noti za dola zisizochanika wala kuandikwa.

Ndani ya ndege: inuka utembee kila baada ya saa mbili hivi ili damu isigande miguuni. Ndege ikishuka masikio yatauma. Meza mate, tafuna kitu. Ukifika, afisa wa mpaka atakuuliza unakwenda kwa nani na siku ngapi. Jibu sawasawa na ulivyoandika kwenye maombi ya viza. Watakupiga picha na kukagua alama za vidole. Mfumo huu mpya ulianza Oktoba 2025 na unahesabu siku zako wenyewe.

KUISHI HUKO

Siku tatu za kwanza usitembee sana. Saa ya Brussels wakati wa baridi ni moja na ya Kinshasa, saa moja nyuma ya Kasongo, kwa hiyo usingizi hautakusumbua. Giza ndilo litakalokusumbua. Toka nje kila siku kati ya saa sita na saa nane mchana, hata robo saa. Wanaokaa ndani wiki nzima ndio wanaougua roho.

Ndani ya siku 3 za kazi rafiki akupeleke komini kutangaza kwamba umefika. Mlango wa nyumba hujifunga wenyewe nyuma yako. Usitoke hata kutupa taka bila ufunguo na bila simu. Bomba la maji ya moto laweza kuunguza: fungua la baridi kwanza. Barafu barabarani haionekani vizuri. Piga hatua fupi, mikono iwe nje ya mifuko ili ukiteleza ujishike.

Kwa Mwislamu, swala za mchana zinabanana: mwishoni mwa Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaingia ndani ya muda wa saa nne hivi, wakati alfajiri inakuachia nafasi ndefu kabla jua halijatoka. Chukua ratiba ya msikiti wa jirani siku ya kwanza, usitegemee kuangalia jua; mawingu yanalificha wiki nzima. Kuhusu kupunguza na kukusanya swala safarini, na kupangusa juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, badala ya kuosha miguu kwenye baridi, muulize shekhe wako kabla hujaondoka, upate jibu la madhehebu yako. Aliyeahirisha mwito hadi mwanzoni mwa 2028 ajue kwamba Ramadhani itaanza mwishoni mwa Januari: mchana wa kufunga utakuwa mfupi kuliko wa Kasongo.

Msaidie mwenyeji kwa unachokiweza. Songa bukari, simulia watoto habari za babu zao, wafundishe Kiswahili. Kule watoto wengi hawajawahi kukaa na mzee mchana kutwa, na hilo hakuna anayeweza kuwapa ila wewe.

ORODHA YA SIKU YA MWISHO KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

☐ Pasipoti yenye viza, na nakala mbili: moja sandukuni, moja kwa mtu wa nyumbani
☐ Tiketi ya kwenda na kurudi, jina limelingana na pasipoti
☐ Bima, namba yake ya simu imeandikwa pia kwenye karatasi
☐ Nakala ya dhamana na anwani kamili ya mwenyeji
☐ Kadi ya manjano
☐ Dawa na karatasi ya daktari, mfuko wa mkononi
☐ Kikaratasi cha malaria kwa Kifaransa
☐ Sweta, soksi nene na kofia, mfuko wa mkononi
☐ Noti safi za Go-Pass, na pesa kidogo za euro
☐ Wosia uko kwa mtu unayemwamini

KURUDI

Usibadilishe tarehe ya kurudi kwa kubembelezwa. Viza yako ina siku zilizoandikwa, na siku moja ya ziada inaonekana kwenye mashine ya mpaka. Kama utaugua kweli na daktari akakuzuia kusafiri, rafiki aende komini kabla viza haijaisha, si baada, akiwa na barua ya hospitali.

Januari njia yetu bado ni ya matope, kwa hiyo panga tena siku za kupumzika Kinshasa na Kindu. Lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza. Tunza vipande vya tiketi ulivyopewa ndegeni, na kama ulipopewa viza waliomba ujionyeshe kwao ukirudi, pita kwao ukiwa bado Kinshasa, kabla hujapanda ndege ya Kindu.